Mafuta ya mchaichai si mbadala wa chandarua

Dada wa Nkuhungu, Dodoma, umeuliza kama unaweza kumpaka mwanao wa miezi 5 mafuta ya mchaichai na karafuu badala ya chandarua. Hapana. Harufu hufukuza mbu kweli, lakini hupotea hewani upesi. Saa moja au mbili imekwisha, na mbu wa malaria ana usiku mzima. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza hata ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mtoto! Ya mkaratusi ndiyo uyafungie kabisa: mtoto akimeza kidogo tu anaweza kupata degedege.

Wewe mwenyewe ukikaa barazani jioni, changanya matone machache ya mafuta ya mchaichai kwenye mafuta ya alizeti (Dodoma hayakosekani), ujaribu kwanza mkononi. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa.