Mwanangu, babu yako alikuwa Giso

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema siku ya arubaini, baada ya hitima, mzee mmoja alikuvuta kando akakwambia babu yako alikuwa mtu wa usalama, na tangu hapo usingizi umekupaa. Unauliza kama ni kweli. Na kama ni kweli, yale madaftari ya majina aliyokuwa akiyajaza mpaka wiki ya mwisho yalikuwa ya nini? Alikuwa bado anawapeleleza watu?

Ni kweli. Baba yangu alikuwa Giso, afisa wa usalama wa ndani katika gombolola, yaani kata, mpaka alipostaafu. Wewe ulimjua akiwa mzee wa kanzu na baiskeli. Najua neno hilo linavyowaingia watu hapa Bombo, mji wetu Wanubi wa Uganda. Wazee wakisikia "usalama" wanaikumbuka State Research ya Nakasero, idara ya upelelezi iliyotesa na kuua watu enzi za Amin. Babu yako hakupita huko. Aliajiriwa baada ya 1986, na Giso hajifichi: anamjua mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anamjua na mkaanga chapati. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu, kusikiliza, kisha kuandika ripoti na kuipeleka wilayani. Alichoandika sikukiona. Alikula kiapo, akakishika mpaka tukamfukia nacho.

Jambo moja tu alinieleza, usiku ambao umeme ulikatika tukakaa nje. Aliwahi kuandika kwamba kijana fulani amevuka mpaka kwenda kwa waasi. Alikuwa ameambiwa na mtu mmoja. Kumbe kijana alikuwa Masindi anakata miwa. Maneno yakavuja mtaani, na mama wa yule kijana akakaa miezi hakuna jirani anayebisha hodi kwake, hata wa kuomba chumvi. Kijana aliporudi, babu yako alikwenda pale mwenyewe, akakaa chini mkekani, akaomba radhi. Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya swala alipeleka kilo ya sukari kwa yule mama, hadi mama alipofariki. Wewe mwenyewe umetumwa nayo mara nyingi, ukinung'unikia jua.

Madaftari yalitoka hapo, mwanangu. Yako saba, kauntabuku nene zenye jalada jeusi. Ukiyafungua utaona majina ya wazee wa koo zetu, mengine yako kwa penseli na mengine kwa wino. Jina aliloambiwa na mtu mmoja aliliandika kwa penseli, akaweka nukta moja chini yake. Alisubiri. Akitokea mtu wa pili, asiyejuana na yule wa kwanza, akasema vilevile, nukta ikawa ya pili na jina likapigwa wino. Kuna majina yalisubiri miaka kumi na moja.

Na koo zetu Wanubi si rahisi kuzifuatilia. Wazee wetu walikuwa askari walioachwa na Emin Pasha, gavana wa Ikweta huko Sudan ya Kusini. Lugard, afisa Mwingereza, akawakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, akawaleta huku. Alikuwamo Mmakaraka, Mbari, Mlugbara, Mmundu, kila mmoja na kwao, lakini wote wakiitwa majina ya dini. Abdallah anamzaa Ramadhani, Ramadhani anamzaa Abdallah, na nyumba ya jirani hivyo hivyo. Halafu 1979 Amin akaanguka, watu wakakimbilia Sudan na Zaire, nyumba zikaporwa pamoja na masanduku ya vyeti. Waliorudi walirudi na vichwa vyao tu.

Kwa hiyo hakuuliza "babu yako anaitwa nani?" Alisema swali hilo linamfanya mtu aogope, na mwenye hofu anabuni. Aliuliza: "Siku mlipomzika, nani waliingia kaburini kumpokea?" Hapo mzee anafumba macho, anawaona, anawataja mmoja mmoja, na wanaoingia kaburini ni wa damu.

Utauliza faida yake. Katiba ya 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu au bibi yake anatoka katika jamii zilizokuwa ndani ya mipaka hii tarehe 1 Februari 1926. Wanubi tumo kwenye orodha. Lakini kuwamo ni jambo moja, kuonyesha wewe ni mjukuu wa nani ni jambo lingine. Nilikuwa hapa barazani siku alipokuja kijana analia, ofisi moja imemrudisha kwa mara ya tatu bila kitambulisho, eti jina lake si la hapa. Babu yako hakumpa pole. Alichukua daftari la pili, akafuata kwa kidole kutoka kwa mama wa yule kijana hadi askari wa 4 KAR, kikosi cha nne cha jeshi la kikoloni la King's African Rifles, aliyezikwa hapahapa Bombo, akampandisha kwenye baiskeli, wakaenda makaburini kulitazama kaburi lenyewe, halafu kwa mwenyekiti kuandikiwa barua. Kitambulisho kilitoka.

Jumamosi alifyeka makaburi, hata ya watu wasio na ndugu. Jumapili alijazia watu fomu pale msikitini, na hakupokea shilingi. Watu aliowahi kuwaandika kwenye ripoti sasa walikuja wenyewe kumtajia wazazi wao. Mimi hilo linanitosha kumjua baba yangu.

Ukurasa wetu uko katika daftari la nne. Jina la bibi yake baba yako, upande wa Arua, liko kwa penseli bado, na nukta yake moja. Shahidi ni mimi peke yangu. Ukishuka Entebbe Desemba, usije kwangu kwanza. Panda basi la Arua, uende kwa shangazi yako mkubwa. Jina usimwulize. Mwulize tu walipomzika yule bibi, nani waliingia kaburini.

Kalamu ya wino nimeiweka ndani ya daftari.

Mama yako