Maswali ya Wasomaji: Taa ya LED ya Kujitengenezea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani. Niliunda taa ya kuning'iniza juu ya meza ya kukatia vitambaa kwa LED nne za wati 10 kila moja. Nilizigandisha kwa silikoni kwenye bamba jembamba la alumini, nikazifungia ndani ya boksi la mbao ili vumbi lisiingie, na nikaziunga zote sambamba kwenye adapta ya volti 12. Baada ya wiki chache zilianza kufifia, kisha moja ikatoa mwanga wa kibuluu na kuzimika. Je, niliuziwa LED mbovu? Nifunge feni?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoieleza kazi yako, sioni sababu ya kumlaumu aliyekuuzia. Mwanga kufifia na kugeuka wa kibuluu ni dalili za LED iliyopikwa na joto lake yenyewe, hadi tabaka la njano linaloufanya mwanga wa buluu uwe mweupe likaharibika. Wengi huamini kwamba LED haina joto kwa sababu mwanga wake hauunguzi kama ule wa balbu ya zamani, kumbe zaidi ya nusu ya umeme inaoutumia hugeuka joto, ambalo halitoki mbele pamoja na mwanga bali hubaki kwenye kitako, na lisipopata njia hujilimbikiza hapo hapo.

Njia hiyo uliiziba mara mbili. Silikoni ya kawaida hupitisha joto kwa shida sana, kiasi kwamba bamba lako huenda lilikuwa vuguvugu tu huku LED zikiungua, na boksi nalo likaizuia hewa ya moto isitoke. Badala ya silikoni tumia pesti ya joto, yaani krimu inayopitisha joto kutoka kwenye LED hadi kwenye chuma: safisha chuma kwa spiriti, paka utando mwembamba kabisa, kisha kaza kila LED kwa skurubu. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana; ikiwa nene, nayo inakuwa kizuizi.

Badala ya bamba, tafuta kipoza joto, yaani kipande cha alumini chenye mapezi (mabamba membamba yaliyojipanga) yanayolitoa joto hewani. Mimi hupendelea kile cha amplifaya kuukuu, ambacho mafundi redio wa Kariakoo wanaweza kukutafutia, kwa kuwa mapezi yake yameachana na hewa hupita yenyewe, tofauti na cha kompyuta ambacho mapezi yake yamebanana yakitegemea feni. LED ziangalie chini, mapezi yaelekee juu, na pande zote ziachwe wazi. Ukubwa wake upige hesabu: LED zako nne zikiwaka kwa nguvu zote hutoa joto la takribani wati 25, na mchana wa Januari hapa Dar hewa hufika nyuzi 32, chini ya bati hata zaidi. Kipoza joto kinachopanda nyuzi 1 kwa kila wati kitafika 57. Kinachopanda nyuzi 2 kitafika 82, na hicho sikushauri.

Adapta nayo ina lawama. LED ikipata joto, volti inayohitaji hupungua, hivyo kwenye volti isiyobadilika huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto zaidi, na kwa kuwa uliziunga sambamba, iliyo moto kuliko wenzake ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Badala ya adapta nunua draiva za mkondo thabiti, yaani vifaa vinavyoipa LED mkondo usiobadilika, moja kwa kila LED, na uchague za miliampia 600 hata kama LED inahimili 900. Mwanga utapungua kiasi, lakini joto litapungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Feni usifunge. Nyuzi za vitambaa zitaiziba, na siku itakapokwama, LED zitaungua bila wewe kujua.

Kwa kuwa draiva hupokea volti 230, unganisha kipoza joto na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Kisha iwashe taa kwa saa nzima, chomoa plagi, na uguse mapezi kwa tahadhari: ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa sekunde chache, kipoza joto ni kidogo.