Kadi ya benki si kausha damu, ila usiifungulie ndiva yote

Dada, uzi wako nimeusoma jana usiku nikaona majibu mengi yanakutisha bure. Umesema unauza mitumba Kiborloni, umefungua akaunti, benki wamekupa kadi, na shemeji yako kakwambia uirudishe kwa sababu "hiyo ni kausha damu iliyovaa tai", yaani ile mikopo ya riba ya kunyonya. Wengine humu wakaongeza kwamba kadi inakula hela hata ikiwa imelala kabatini. Unataka kujua uitumie au uirudishe.

Usiirudishe. Ila ngoja nikueleze ni kitu gani, maana shemeji yako kachanganya vitu viwili.

Nimefanya kazi mapokezi ya loji moja Usa River miaka sita, mashine ya kadi ikiwa mezani kwangu kutwa nzima. Sasa hivi nina duka la pembejeo hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, kwa hiyo kadi nimeziona nikiwa mpokeaji na nimeziona nikiwa mlipaji. Halafu mimi ni Mpare. Mnajua wenyewe tunavyosemwa kuhusu hela. Kama kitu hiki kingekuwa kinanyonya, ningekuwa wa kwanza kukikimbia.

Kadi uliyopewa soma usoni, nadhani utakuta neno "debit". Maana yake inagusa hela yako mwenyewe, ile uliyoweka. Una elfu arobaini, ukitaka kulipa elfu arobaini na tano, inakataa. Hakuna wa kukukopesha hiyo elfu tano iliyopungua. Kadi ya mkopo ni nyingine kabisa: pale benki ndiyo inayokulipia, wewe unakuja kurudisha baadaye, na ukichelewa riba inaanza kupanda. Hizo zipo nchini, lakini huwezi kupewa kwa kufungua akaunti ya kawaida ya akiba. Kwanza watataka kuona mshahara au dhamana yako. Kwa hiyo hapo kwenye kausha damu, shemeji hayumo.

Kitu kingine ambacho watu hawakipati: ndani ya kadi hamna hela. Mzee mmoja mteja wangu alipoteza kadi kwenye daladala ya Himo, akalia kama kafiwa, akiamini milioni yake imeenda na kile kiplastiki. Hela ilikuwa palepale benki. Kadi ni ufunguo tu. Ukipotea, unapiga simu benki wanabadilisha kitasa, unapewa ufunguo mwingine. Hata ikiisha muda wake (angalia mwezi na mwaka uliochapwa mbele), ni ufunguo ndio umeisha, akaunti inaendelea.

Sasa inavyofanya kazi. Mgeni anachomeka kadi kwenye mashine yangu, naandika kiasi, anaweka namba ya siri. Mashine inapiga hodi kwa benki ya loji. Benki ya loji inapeleka hodi hiyo kwa Visa au Mastercard. Hawa wakiangalia tarakimu za mwanzo za kadi wanajua imetolewa na benki gani (zinazoanza na 4 ni Visa, nyingi za 5 ni Mastercard), wanaipelekea benki hiyo swali: huyu ana hiyo hela, na kadi yake haijafungwa? Benki ya mgeni inajibu ndiyo au hapana, na jibu linarudi njia ileile hadi Usa River. Yote hayo ni sekunde chache, kama mtandao uko sawa. Ukisumbua, tulikuwa tunatoka na mashine hadi chini ya mjakaranda kwenye maegesho, mgeni anatufuata nyuma na miwani yake ya jua, tunainua kimashine juu kama tunaomba mvua.

Hapo kwenye jibu kurudi ndipo pana mtego. Jibu likipotea njiani, kwako wewe mnunuzi hela imeshakatwa, lakini mashine ya muuzaji inasema haijaingia. Muuzaji anakwambia "tupige tena". Usikubali haraka. Angalia kwanza meseji ya benki kwenye simu yako. Mimi mwenyewe nilimkata hela mama mmoja wa Kijerumani mara mbili siku ya mtandao mbovu, kwa nia njema kabisa, na ilibidi meneja aandike barua pepe za kuomba radhi wiki nzima. Mara nyingi muamala ulionasa hujirudisha wenyewe, lakini ni siku, si dakika, na siku hizo hela huna.

Tena kuna hii ya kushikilia. Mgeni akifika tulikuwa tunashikilia dola 200 kwenye kadi yake kwa ajili ya vinywaji na kufua nguo. Haijachukuliwa, imefungwa tu, kama kuku aliyefungwa mguu sokoni: ni wako, lakini huwezi kumchinja. Kwa mwenye kadi ya mkopo hilo halimuumi. Kwa mwenye kadi kama yako ni hela yake halisi iliyozuiwa. Kijana mmoja aliyekuja kupanda mlima alirudi kutoka ATM ya Moshi mjini akifoka kwamba tumemwibia, kumbe mimi nilisahau kuachia ile dola 200 alipoondoka. Wewe ukienda hotelini kwa harusi Arusha au Dar, uliza kabla ya kutoa kadi: mnashikilia shilingi ngapi, na mnaachia lini?

Haya, makato, maana hicho ndicho kinachokuuma. Walichosema wenzako si uongo wote. Akaunti nyingi zina makato ya mwezi, kadi nayo inaweza kuwa na ya mwaka, na usipoweka kitu yanalimbikizana yakisubiri siku utakayoweka. Kutoa kwenye ATM ya benki yako ni nafuu kuliko ya benki nyingine. Kuuliza salio kwenye ATM ya watu nako mara nyingi kuna bei, watu wanabonyeza tu kama wanaangalia saa. Ila kulipa dukani kwa kadi kwa kawaida mnunuzi hakatwi. Anayekatwa ni muuzaji, asilimia fulani ya kila mauzo, na ndiyo maana utakuta duka linakwambia "kwa kadi bei inaongezeka kidogo". Wanakurudishia wewe mzigo wao. Ukisikia hivyo, lipa kwa njia nyingine. Nenda benki uombe orodha ya makato kwenye karatasi. Usione haya, ni haki yako, na uisome nyumbani ukiwa umetulia, si pale dirishani foleni ikikusukuma mgongo.

Nikuambie ukweli lakini: Kiborloni kadi yako italala. Wateja wako wanalipa taslimu au kwa Lipa Namba, na M-Pesa imekuwepo nchini tangu 2008, watu wamezoea simu, hakuna atakayekuja na kadi kununua suruali ya elfu nane. Mimi mwenyewe dukani sina mashine, mkulima wa Uru anayenunua mbolea mfuko mmoja ataniona nimechanganyikiwa. Itakufaa kwingine. Ukienda Nairobi kufuata belo huna haja ya kubeba bunda la noti kupita Namanga. Ukitaka kuagiza kitu mtandaoni, au kumkatia mtoto tiketi ya ndege. Ukihitaji hela saa nne usiku na mawakala wamefunga. (Ukiwa Nairobi na mashine ikakuuliza ulipe kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania, chagua ya Kenya. Ukichagua ya kwetu kwa kuwa unaielewa, wanakubadilishia wao kwa bei yao, na bei yao si ya huruma. Wageni wetu wa Usa River walikuwa wanaliwa hapo kila siku.)

Sasa nililotaka hasa kukwambia ni hili.

Mwaka nilioacha kazi nilikuwa na kiinua mgongo chote kwenye akaunti moja, na kadi juu yake. Jumapili jioni, Arusha, nikaenda ATM ya benki isiyo yangu kutoa laki mbili. Mashine ikahesabu, nikaisikia kabisa ikipepeta noti, halafu kimya. Hakuna kilichotoka. Meseji ikaingia: umetoa 200,000. Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Mimi nikarudia. Ikahesabu tena, kimya tena, meseji ya pili. Laki nne zimeenda na mfukoni nina nauli ya bodaboda.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa wenye ATM, wakanifukuza kwa adabu: nenda benki yako. Na walikuwa sahihi, malalamiko unapeleka kwa benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya jirani. Nikajaza fomu, nikaandika saa na mahali, nikaacha nakala za zile meseji mbili. Kilichonisaidia ni kwamba ATM ina kumbukumbu ya kila noti iliyotoka, na ikifungwa kuhesabiwa, noti zisizotoka zinaonekana kama ziada. Siku ya tisa hela ikarudi, yote. Ila siku tisa hizo nilikuwa nimeshaahidi kodi ya fremu ya duka, na mwenye fremu hakutaka kusikia habari za kumbukumbu za mashine. (Benki yako ikikuzungusha ukiwa umelalamika kwa maandishi, Benki Kuu wanapokea malalamiko ya wateja wa benki. Lakini anza na benki yako, na uwe na karatasi.)

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kadi hii na ile ya mkopo kwa upande wa hatari. Ikitokea hitilafu au wizi kwenye kadi ya mkopo, mnagombania hela ya benki. Kwenye yetu, mnagombania hela yako, na wakati mnagombana wewe ndiye unayelala njaa.

Kwetu Upareni maji ya kumwagilia tunayakusanya usiku kwenye ndiva, yaani bwawa dogo, asubuhi unafungulia kiasi kwenye mfereji kinachotosha shamba lako la zamu. Hakuna mwendawazimu anayechimba mfereji usio na mlango moja kwa moja kutoka tumboni mwa ndiva. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo. Tangu hapo nina akaunti mbili. Moja ndiyo ndiva, haina kadi kabisa, wala siitaki. Ya pili ndiyo yenye kadi, na ndani yake hapazidi laki moja na nusu. Nikijua kesho nina malipo ya kadi, usiku nahamisha kwa simu kiasi kinachotosha. Akiinasa mwizi, au mashine ikalewa, nitapoteza maji ya mfereji tu. Ndiyo, makato ya akaunti mbili yapo. Nayalipa nikiwa natabasamu, na mimi ni Mpare nimeshakwambia. Wewe kwa hela ya mitumba inayozunguka, usiweke mtaji wa belo kwenye akaunti yenye kadi.

Kuhusu wizi wenyewe nitasema machache. Mwenye kuijua namba ndefu ya mbele, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma anaweza kununua mtandaoni bila hata kuigusa kadi yako, na tovuti nyingine haziulizi chochote zaidi. Kwa hiyo usiipige picha ukamtumia mtu WhatsApp, hata awe mwanao. Mkiwa hotelini usimwachie mhudumu akaondoka na kadi, mwambie alete mashine mezani. Kile kidude cha dhahabu mbele kinatengeneza namba mpya kila muamala, wakati ule mstari mweusi wa nyuma unasema kitu kilekile siku zote, ndiyo maana wezi wanapenda kunakili mstari. Ukiwa na chaguo, chomeka, usikwaruze. Na anayekupigia akisema ni wa benki na anataka namba ya siri au namba iliyoingia kwenye meseji, huyo ni ndugu wa wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kata simu.

Mama yangu Usangi alipopewa kadi alikunja karatasi yenye namba ya siri, akaifunga pamoja na kadi kwenye pindo moja la kanga. Nilipomwambia anitenganishie, akafunga namba kwenye pindo la pili la kanga hiyohiyo.

Wewe bahasha yako ya namba ya siri ifungue hapohapo benki, siku ya kazi, asubuhi, na uibadilishe kwenye ATM iliyo mlangoni pao. Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Ukikosea mara tatu itafungwa au itamezwa, na ndiyo sababu nasema asubuhi na mlangoni pao: ikimezwa, utakuwa na pa kugonga.