Kompyuta moja ya Linux, watu wawili kwa mpigo

Ndugu, umeuliza kama wewe na mwenzako mnaweza kutumia kompyuta moja ya Linux kwa wakati mmoja, kila mtu na skrini, kibodi na kipanya chake. Inawezekana. Kinachokwamisha wengi ni kadi ya michoro: kila kiti (yaani skrini, kibodi na kipanya vya mtu mmoja) kinahitaji ya kwake, na kadi moja yenye matundu mawili ya skrini haitoshi kwa njia hii. Iliyomo kwenye ubao mama pamoja na moja ya kuchomeka zinatosha, mradi BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Linux haijawaka) isiizime ile ya ndani.

Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika:

loginctl seat-status seat0

Utaona mti mrefu wa vifaa vya seat0, yaani kiti cha kwanza. Tafuta kadi ya pili, nakili njia yake (ile inayoanza na /sys/devices), kisha ihamishie seat1, kiti cha pili:

sudo loginctl attach seat1 /sys/devices/...

Rudia kwa kibodi na kipanya. Ukihamisha habu nzima ya USB, kazi inapungua. Ila usihamishe kibodi unayoandikia (mimi nilifanya hivyo, nikabaki naikodolea macho skrini). Washa upya; programu ya kuingilia (GDM au LightDM) itafungua ukurasa wa kuingilia kwenye skrini ya pili. Ukivuruga, sudo loginctl flush-devices inarudisha kila kitu seat0.

Kama mnapokezana tu, achana na haya yote, tumia kubadili mtumiaji.