Binti yangu ana ADHD, nimpigie nani chuoni?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tunaishi Columbus, Ohio. Binti yangu ana ADHD, ile hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia, kumakinika na kupanga mambo. Sekondari walimu walimfuatilia wenyewe. Agosti anaanza chuo. Nimpigie nani simu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu hiyo aipige yeye. Mpango wa msaada wa sekondari huisha anapohitimu. Chuoni sheria za Marekani za 1973 na 1990, zinazokataza kuwabagua wenye ulemavu, bado zinamlinda, lakini ni lazima ajitokeze mwenyewe, aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na ripoti ya tathmini yake. Aende kabla masomo hayajaanza, maana akisubiri mpaka afeli, alama za nyuma kwa kawaida hazirekebishwi.

Anaweza kupewa muda wa ziada wa mtihani, chumba tulivu, ruhusa ya kurekodi mihadhara. Ila muda wa ziada hautamwanzishia insha! Aulize kama kuna mshauri wa kuonana naye kila wiki, wagawe kazi kubwa vipande vipande na kila kipande kipewe tarehe. Na nakuomba sana, usimwite mvivu. Kinachomshinda ni kupanga na kuanza, si akili. Barua pepe ya kwanza kwa ofisi hiyo aiandike wiki hii, wewe ukiwa umekaa karibu naye.