Fundi Anajibu: Pima Mzigo, Usipime Gari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Canter ninayobebea viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam. Nilinunua turubai la bluu la dukani, mita 6 kwa 8. Likawa kubwa mno, ncha zinapigapiga njia nzima, na kabla mvua hazijaisha lilikuwa limeshachanika pembeni. Sasa nataka kutengenezewa la PVC kwa kipimo changu. Bodi ina urefu wa mita 4.20 na upana wa mita 2. Fundi mmoja anasema vipimo hivyo viwili vinamtosha, mwingine anasema turubai lisilopigwa cherehani halidumu. Nimsikilize yupi?
— Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili waweke pembeni kwanza. Anayekata turubai kwa urefu na upana wa bodi peke yake atakupa kitambaa cha kufunika sakafu. Viazi vyako vinapanda juu ya bodi, na huko juu ndiko upepo na mvua viliko.

Pakia gari kama unavyopakia siku ya safari, kisha chukua tepu na kijana wa kukushikia upande wa pili. Anzia kwenye kulabu ya kufungia kamba upande wa dereva, pandisha tepu juu ya magunia, ishushe mpaka kulabu ya upande wa pili. Tepu ilale juu ya mzigo, usiivute ikaning'inia hewani. Fanya hivyo tena kutoka mbele kwenda nyuma.

Tuseme magunia yako yanafika mita 1.50 kutoka sakafu ya bodi, na kulabu ziko usawa wa sakafu. Kwa upana, unapanda 1.50, unakatiza 2, unashuka 1.50: mita 5. Mzigo wa viazi una mgongo katikati, kwa hiyo tepu itasoma kama 5.20. Toa sentimita 20 kila upande, kwa sababu kamba inahitaji nafasi ya kukaza. Turubai likifika kwenye kulabu lenyewe hutaweza kulivuta tena likilegea. Inabaki 4.80. Kwa urefu, 1.50 mbele, 4.20 juu, 1.50 nyuma, ukitoa 20 kila mwisho unapata 6.80. Basi turubai lako likikamilika ni mita 4.80 kwa 6.80. Lile la 6 kwa 8 lilikuwa na mita za mraba 15 na ushee zisizo na kazi ila kucheza na upepo, na huko kucheza ndiko kulikochana pembe.

Na kama leo unapakia magunia ya kawaida na kesho lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo, kipimo kinahama. Lumbesa achana nayo kabisa, inamwumiza mkulima. Lakini ukiwa na mizigo ya kimo tofauti, pimia ule mkubwa unaoubeba mara nyingi.

Fundi akikuuliza unataka saizi gani, mwambie wazi kwamba hicho ni kipimo cha turubai lililokwisha kukunjwa pindo. Ugomvi mwingi wa karakana unatoka hapo. Pindo la sentimita 5 kila upande linafanya kipande cha kukatwa kiwe 4.90 kwa 6.90. Jora la upana wa mita 2.50 linakutosha vizuri: vipande viwili vya mita 6.90, vilazwe kimoja juu ya kingine kwa sentimita 5, unapata 4.95, unapunguza kidogo na kazi imekwisha. Unatumia mita 13.80 za jora na unakuwa na kiungo kimoja kinachokimbia juu ya mgongo wa mzigo, maji yanakimbilia pande zote mbili. Ukimwacha akate vipande vya kukatiza gari, atahitaji vitatu, mita 14.70, na viungo viwili. Akishikilia njia hiyo, hakikisha kipande cha mbele kinakaa juu ya kile cha nyuma, la sivyo upepo wa mwendo utaingia kwenye mdomo wa kiungo.

Kuhusu unene: PVC nzuri ni kitambaa cha nyuzi za poliesta kilichopakwa PVC pande zote mbili, na uzito wake husemwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Kwa Canter, gramu 650 zinatosha. Turubai lako litakuwa na kilo 22 hivi, watu wawili wanalipandisha bila taabu. Ukichukua la gramu 900 linafika kilo 30, na likilowa tope utingo wako atalichukia, atalifunga ovyo, na unene wote uliolipia hautakusaidia kitu. Ukiwa na wasiwasi kama unauziwa PVC kweli, omba kipande cha ukubwa wa kidole, kitumbukize kwenye glasi ya maji na kisugue kutoa mapovu. PVC inazama. Yale ya bluu ya plastiki ya polithini yanaelea.

Sasa cherehani. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na turubai la mvua halitaki matundu. Uzi wa kawaida nao unaliwa na jua mapema kuliko kitambaa. Mimi naunganisha kwa hewa ya moto: mdomo wa mashine unapita kati ya vipande viwili, PVC inalainika, rola ya mkono inafuata nyuma yake ikikandamiza. Vumbi likiwepo hakuna kinachoshika, kwa hiyo pale kiungo kinapopita panafutwa kwanza. Moshi ukitoka, moto umezidi, na moshi wa PVC ni mbaya kwa mapafu. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa.

Lakini usikubali kiungo kwa kukitazama. Kizuri na kibaya vinafanana kabisa mezani. Kabla fundi hajagusa kitambaa chako, mwombe aunganishe mabaki mawili, ayaache yapoe, akukatie utepe wa upana wa sentimita 5 unaokatiza kiungo. Shika ncha mbili, zivute kama unamenya ndizi. Kiungo kikiwa kizuri, utaona nyuzi nyeupe zimebaki uchi: PVC imeng'oka kwenye kitambaa chake, kiungo chenyewe hakikuachia. Vikiachana vikabaki nyuso mbili laini zinazong'aa, moto haukufika ndani. Mimi nafanya jaribio hili kila asubuhi na kila umeme unapotikisika, maana baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu inapunguza moto, na umeme ukishuka mashine inapoa bila wewe kujua. Fundi anayekasirika ukiomba utepe huo, muage kwa heshima uende kwingine.

Kwenye pindo aingize kamba mzunguko mzima, kisha ringi za shaba kila sentimita 50. Kwa saizi yako ni kama 46. Ringi ikae upande wa ndani wa kamba, ili ukivuta, nguvu ibebwe na kamba na si kitambaa. Pembe nne ziwekewe kiraka cha pili kabla ya kutoboa.

Neno moja kuhusu viazi vyenyewe. PVC haipumui. Viazi vikikosa hewa vinapata joto, vinatoa jasho na kuoza, na vikipigwa jua vinakuwa kijani na kuwa na sumu. Chagua rangi ya kupauka, usichukue nyeusi. Mbele kaza, nyuma acha pumzi kidogo. Mkilala njiani na mvua haipo, pandisha pembeni. Mkifika sokoni, fungua kabla hamjaanza kupatana bei.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata mabango ya zamani ya matangazo, yale makubwa ya barabarani. Naweza kuyaunganisha nikapata turubai la kuanikia mpunga?
— Mama wa watoto watatu, Kyela

JIBU: Marahaba, mama. Mengi ya mabango hayo ni PVC na yanaunganika vizuri, ila mpunga usiyawekee. Upande mmoja una wino wa kuchapia na hakuna anayeweza kukuhakikishia ni wino gani. Yatumie kufunika kuni, mkaa au matofali. Kwa chakula nunua turubai la kuanikia nafaka, na muulize muuzaji kama limetengenezwa kwa ajili ya chakula. Usichukue pana kuliko nguvu za nyumbani: mvua ikija ghafla, linalofaa ni lile ambalo wewe na mwanao mnaweza kulikunja na mpunga ukiwa ndani.

SWALI: Turubai langu la PVC limetoboka. Nimelibandika kwa gundi ya mabomba, imekatika baada ya siku chache. Kwa nini?
— Dereva, Makambako

JIBU: Gundi ya mabomba imetengenezwa kwa PVC ngumu. Ikikauka inakuwa ngumu nayo, na turubai linajikunja kila siku, lazima ivunjike. Tafuta gundi ya PVC laini, ile inayobandika maturubai na maboti ya kujaza upepo. Kwangua gundi ya zamani yote. Kata kiraka cha duara au chenye kona za mviringo, kwa sababu kona kali ndizo zinazoanza kubanduka, na kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Futa kwa spiriti, paka pande zote mbili, subiri mpaka gundi inate kidoleni bila kulowesha, kisha kandamiza kutoka katikati kwenda nje. Geuza turubai, weka kiraka kingine upande wa pili. Liache siku nzima kabla ya kulikunja.