Ukipewa mgeni wa ndege, wadogo zangu

Wadogo zangu mnaomaliza chuo cha kuongoza watalii mwaka huu hapa Arusha mkaanza kushika magari ya safari, kuna kitu naona darasani hawakipi uzito, nacho ni ndege. Najua kila mtu anasomea simba na chui, na kweli wageni wengi ndo wanachotaka, ila iko siku utapewa mgeni ambaye simba amelala mita 10 kutoka kwenye gari na yeye kageukia kichaka cha upande wa pili. Mgeni wa hivyo ni adimu kama maziwa ya kuku, ukimpata mtunze, maana hao wanajuana na akirudi kwao wenzake watakuulizia wewe kwa jina.

Mi wa kwanza nilimpata nikiwa na miaka miwili kazini, mzee mpole, akasema shida yake ni moja tu, kipozamataza wa Beesley, kandege ka nyasini. Huyu ndege ni wa kwetu kabisa, anakaa kwenye mbuga ndogo ya nyasi fupi kaskazini mwa Arusha, unaenda na barabara ya Namanga unapita Oldonyo Sambu, kule katikati ya Meru na Kilimanjaro. Ndugu zake wako mbali sana huko Namibia na Botswana. Wataalamu wengine wanamhesabu spishi kamili, wengine nususpishi, yaani tawi tu la spishi moja na hao ndugu zake, jua yote mawili maana utaulizwa.

Sasa mi nilikuwa sijawahi kumwona hata siku moja, na sikusema. Nikaona kandege ka kahawia kanakimbia chini nikapaza sauti, huyo hapo! Mzee akapiga picha, akanishika mkono, tukarudi mjini. Jioni yuko na kamera yake kimya, mara akanigeuzia nione: utosi mwekundu. Kumbe ni kipozamataza wa aina nyingine, ambao wamejaa tele. Hakunigombeza, ila kile kimya chake mpaka leo kinaniuma.

Kesho yake alfajiri tukarudi, safari hii nikamwomba kijana wa Kimaasai aliyekuwa anachunga mbuzi, akatupeleka kwa miguu moja kwa moja kama anaenda kwao. Walikuwa watatu. Anasimama wima kama askari gwaride, mdomo mrefu umepinda kidogo, ukucha wa nyuma kama mwiba, mkia mfupi, na akiruka tu unaona ncha nyeupe ya mkia, hapo ndo pa kumjulia. Mzee alikaa chini kwenye vumbi hajali suruali, machozi yanamtoka.

Kwa hiyo kama huna uhakika sema ngoja tuhakikishe, mgeni hakudharau hata kidogo, anayeweza kusema sijui mbele ya mgeni ndo ndege adimu kwenye hii kazi yetu na mi nawatafuta kweli hao. Nunua darubini hata ya mtumba, Jumapili zako ziende kwa hondohondo (hornbill) na shorobo (turaco) wa msitu wa Meru, heroe (flamingo) wa maziwa ya Momella hao hawana shida utawaona tu. Na kule mbugani kwa kipozamataza usiingize gari nje ya njia, wanataga chini kwenye nyasi, tairi moja tu unamaliza kiota.

Yule kijana wa mbuzi siku hizi ndo nampigia simu kwanza kabla sijatoka mjini, na hela yake naitenga kabla ya mafuta.